Mgeni wa Usiku Katika Ua Jeupe

Wahenga walisema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Maneno hayo hutumiwa sana katika habari za jamaa na marafiki, lakini mtu apandaye maua huyaona kuwa kweli kila asubuhi. Adui wa ua hatoki mbali. Huzaliwa chini ya jani lake, hulala ndani ya tumba lake, na mwenye bustani anapokuja kutambua kwamba ameibiwa, mwizi ameshashiba.

Jambo hili lilimpata karani mmoja wa serikali, mwenyeji wa Kiambu. Siku moja upepo wa mvua uliangusha tawi la mti mzee uliokuwa mpakani mwa shamba la mama yake. Juu ya tawi hilo palikuwa na mmea mdogo wenye majani mazito ya kijani, na mizizi ya rangi ya kijivu iliyoshika gome la mti kama vidole vya mtoto. Watoto walitaka kuutia motoni pamoja na kuni. Karani akauokoa. Aliufunga kwa ukanda wa mgomba kwenye shina la mparachichi ulio karibu na mlango wake, upande usiopigwa na jua la mchana, akaunyunyizia maji, akangoja.

Mmea huo ulikuwa okidi, ile ambayo wataalamu huiita Aerangis brachycarpa. Kenya ina aina zaidi ya 200 za okidi, nyingine huota ardhini na nyingine juu ya miti. Watu wengi hudhani kwamba hizi za mitini hunyonya maji ya mti, kama kupe anyonyavyo damu ya ng'ombe. Sivyo. Okidi hukaa tu juu ya mti kama mpangaji asiyedaiwa kodi. Hupata maji katika mvua na umande, na chakula katika vumbi na majani yaliyooza yanayokusanyika penye mizizi yake.

Karani alingoja miaka mitatu. Wenzake wa ofisini walimcheka wakisema kwamba anafuga majani. Baada ya mvua ndefu za mwaka wa tatu, kikonyo kilichomoza chini ya majani, kikarefuka, na matumba manane yakajipanga juu yake. Furaha yake haikuwa na kifani. Aliwaalika wenzake waje Jumamosi kunywa chai na kuyaona maua, maana kufikia siku hiyo matumba yote yangekuwa yamefunguka.

Alhamisi asubuhi aliona mistari ya rangi ya kahawia juu ya maua mawili ya kwanza, kana kwamba mtu ameyakwaruza kwa sindano. Ijumaa tumba moja lilikuwa limepinda na kukauka kabla ya kufunguka. Karani akaingiwa na hasira. Wakati wa mapumziko ya mchana alikwenda dukani, akanunua chupa ya dawa ya wadudu bila kuuliza ni dawa ya wadudu gani, akarudi nyumbani mbio. Jua lilikuwa utosini na upepo ulikuwa ukivuma. Alipiga dawa juu ya maua, juu ya majani, juu ya mparachichi wenyewe ambao wakati ule ulikuwa umechanua, hata chupa ikawa tupu.

Wageni walipofika Jumamosi, maua yalikuwa yamelegea kama karatasi iliyolowa. Walikuwa watu wenye adabu. Walikunywa chai, wakausifu mparachichi.

Jumapili mzee jirani alibisha hodi. Mzee huyo alikuwa na mizinga mitano nyuma ya nyumba yake. Alikuwa ameshika kipande cha gazeti kilichokunjwa, na alipokikunjua, nyuki waliokufa walijaa ndani yake.

"Kijana wangu," alisema mzee, "juzi ulikuwa ukipiga dawa. Ulikuwa ukimtafuta nani?"

"Wadudu, mzee. Wameniharibia maua yangu."

"Uliwaona?"

Karani akanyamaza. Kweli hakuwa amemwona hata mmoja.

"Basi ulirusha mshale gizani," alisema mzee, "na mshale umeingia nyumbani kwangu."

Karani aliomba radhi. Alitaka kulipa, lakini mzee alikataa fedha. Alimtaka ahidi jambo moja tu, kwamba hatampiga tena mdudu ambaye hajamwona uso wake. Karani akaahidi. Ahadi hiyo ilikuwa ngumu kuliko faini, kwa sababu ilimlazimu kujifunza.

Mwaka uliofuata, kikonyo kilipochomoza, alianza kuamka nusu saa kabla ya desturi yake. Wakati huo hewa ni baridi na wadudu ni wazito, hawajapata nguvu ya kuruka. Alichukua karatasi nyeupe, akaishika chini ya matumba, akakigonga kikonyo polepole kwa kidole. Vidudu vyembamba kama kipande cha uzi vilianguka juu ya karatasi, vikaanza kutembea. Urefu wake haukufika hata milimita mbili. Hao ndio thripsi, waliomwaibisha mbele ya wageni. Thripsi hukwaruza ngozi ya ua na kunyonya maji yake, na kwa kuwa hupenya ndani ya tumba lingali limefumba, mtu huona kazi yao wakati tayari umekwisha kupita wa kuwazuia. Hupenda maua ya rangi nyeupe na nyepesi, na wengi hutoka katika nyasi na magugu yaliyo jirani. Kwa hiyo karani alifyeka magugu chini ya mparachichi, akaokota maua yaliyoharibika na kuyachoma, akatundika vibao vidogo vya rangi ya buluu vilivyopakwa mafuta mazito yanayonata, maana rangi hiyo huwavuta thripsi. Vibao aliviweka mbali kidogo na maua, akavitazama kila siku ili ajue kama adui anaongezeka au anapungua.

Juu ya ncha changa ya kikonyo aliwaona vidukari, wamesongamana kama watu sokoni. Hawa hunyonya utomvu na kutoa maji matamu yanayonata, na juu ya utamu huo huota ukungu mweusi. Aliwaondoa kwa vidole vilivyolowa, kisha akawanyunyizia waliobaki maji yenye sabuni laini, kijiko kimoja cha chai katika lita moja ya maji. Alifanya hivyo jioni, baada ya kujaribu kwanza juu ya tumba moja na kungoja siku mbili. Sabuni na mafuta vikipigwa juani huunguza, na ua lililofunguka ni laini kuliko jani. Likitiwa doa halisafiki tena.

Penye maungio ya majani alikuta vitu vyeupe kama pamba. Hao walikuwa vidung'ata. Pamba yao huwakinga na maji, kwa hiyo kuwanyunyizia tu hakufai sana. Aliwagusa mmoja mmoja kwa kijiti kilichozungushiwa pamba na kuchovywa katika spiriti ya hospitali. Kazi hiyo ilimchukua muda, lakini okidi moja si shamba la kahawa, na mkono wa mtu unatosha.

Sisimizi nao walipanda na kushuka. Hapo alijifunza kutofanya haraka. Okidi nyingi hutoa matone matamu nje ya matumba yake, na sisimizi huja kuyaramba bila kuuma ua. Lakini sisimizi haohao huwachunga vidukari na vidung'ata kama mtu achungavyo mbuzi, wakiwalinda na maadui wao ili wapate utamu wao. Karani alizungushia shina la mparachichi, juu na chini ya okidi, vitambaa vilivyopakwa grisi. Grisi yenyewe hakuipaka juu ya gome. Njia ya sisimizi ilipokatika, mbawakawa wadogo wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, walikuja wenyewe wakawala vidukari waliosalia. Hao hakuwagusa.

Panzi, viwavi na mbawakawa wakubwa wanaotafuna maua aliwaokota kwa mkono alfajiri, au usiku kwa tochi, akawatia katika kopo la maji ya sabuni. Aliwakuta pia konokono wasio na kombe, ambao si wadudu lakini huweza kumaliza tumba zima kwa usiku mmoja. Nao waliingia kopo hilohilo.

Je, dawa haina kazi? Kenya yenyewe imekuwa maarufu kwa dawa itokanayo na ua. Pareto imelimwa katika nyanda za juu tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, na unga wake huua wadudu wa kila namna, kisha nguvu yake huvunjwa upesi na mwanga wa jua. Lakini pareto haichagui. Nyuki aliyeguswa nayo hufa sawa na thripsi. Kwa hiyo karani aliiweka kama akiba, ya kutumiwa jioni nyuki wamerudi mizingani, juu ya matumba yaliyofumba tu. Juu ya ua lililo wazi hakuitia kamwe. Mwaka ule hakuhitaji kuitumia.

Matumba kumi na moja yakafunguka bila doa. Yalikuwa meupe kama nyota, na nyuma ya kila ua palining'inia mkia mwembamba wenye urefu wa zaidi ya sentimita 12. Ili kuyakinga zaidi, karani aliyazungushia chandarua kilichotandazwa juu ya fito. Chandarua hakimzuii thripsi, maana hupita katika matundu yake, lakini huwazuia mbawakawa, panzi na nyuki. Hata nyuki alimwona sasa kuwa ni hatari, kwa kuwa alikuwa amesoma kwamba ua la okidi likishapata chavua, yaani unga wa dume, hunyauka baada ya muda mfupi. Lisilopata huweza kukaa wiki nyingi.

Ilikuwa kweli. Maua yalikaa hata wenzake wa ofisini wakaja mara mbili. Safari hii hawakuwa na haja ya kuusifu mparachichi.

Hata hivyo jambo moja lilimsumbua. Mchana maua yale hayakuwa na harufu, lakini giza lilipoingia harufu nzuri ilijaa uwanja mzima mpaka ndani ya nyumba. Usiku mmoja alisikia kitu kikigonga chandarua, kikirudi na kugonga tena. Alitoka na tochi akaona nondo mkubwa wa kijivu, mwenye mistari ya waridi ubavuni, akielea hewani mbele ya chandarua kama ndege. Alizunguka mara nyingi, kisha akaenda zake. Maua yalipokwisha muda wake yakaanguka yote, wala hayakuacha tunda hata moja.

Miezi michache baadaye mama yake alikuwa akichimba viazi vitamu, na karani alikuwa akimsaidia. Jembe liliibua kitu cha rangi ya kahawia, kigumu, kirefu kama kidole, chenye kitu kama mkono wa birika kilichopinda upande mmoja.

"Kitupe kwa kuku, mwanangu," alisema mama. "Huyo ndiye mama wa wale viwavi wenye pembe mkiani. Msimu uliopita walimaliza majani ya matuta mawili."

"Mama, huu mkono wa birika ni nini?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye uliyesoma."

Neno hilo lilimchoma. Alikitia kitu kile katika mkebe wenye udongo, akafunika kwa kitambaa. Baada ya majuma kadhaa akatoka nondo wa kijivu mwenye mistari ya waridi. Mkono wa birika ulikuwa ala ya ulimi wake.

Karani akatafuta vitabu. Alisoma kwamba mwaka 1862 Charles Darwin, mtaalamu wa Uingereza, aliletewa okidi ya Madagaska yenye mkia wa karibu sentimita 30, ambao nekta yake ilikuwa chini kabisa. Darwin akasema kwamba lazima katika kisiwa kile yuko nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Wako waliomdhihaki. Alifariki mwaka 1882 bila kumwona nondo huyo; lakini mwaka 1903 wataalamu Rothschild na Jordan waliandika habari za nondo wa Madagaska mwenye ulimi mrefu namna hiyohiyo. Kisha alisoma utafiti wa Dino Martins na Steven Johnson, uliofanywa hapahapa Kenya na kuchapishwa mwaka 2007. Ulionyesha kwamba okidi nyeupe za jamii ya ile yake hutegemea nondo wenye ndimi ndefu, na kwamba nekta iliyo katika mkia wa ua huzidi kuwa tamu kadiri inavyokaribia ncha. Hivyo nondo hushawishika kusukuma uso wake mpaka ndani kabisa, na hapo chavua humnata, akaichukua mpaka ua la pili. Miongoni mwa nondo hao yumo Agrius convolvuli, yuleyule ambaye kiwavi wake hula majani ya viazi vitamu.

Karani alikaa kimya muda mrefu. Adui wa shamba la mama yake alikuwa mposaji wa ua lake. Yeye mwenyewe, kwa chandarua chake safi, alikuwa amemfungia bwana arusi mlango, akajisifu kwamba bibi arusi hazeeki.

Alimweleza mama yake. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa wataka nisile viazi kwa ajili ya ua lako?"

"La, mama. Naomba tuwaokote viwavi kwa mkono katika matuta yako, wala tusipige dawa. Ile mizabibu ya viazi iliyojiotea penye ua wa nyuma tuwaachie wao."

"Ile haina viazi hata kidogo," alisema mama. "Waichukue."

Msimu uliofuata okidi ilitoa vikonyo viwili. Karani alivilinda vyote kwa bidii ileile mpaka matumba yakafunguka: karatasi nyeupe alfajiri, sabuni jioni, spiriti, grisi na tochi. Kisha alikifunika kikonyo kimoja kwa chandarua, kwa ajili ya macho ya watu, na cha pili akakiacha wazi.

Usiku wa nne nondo alikuja. Karani alikuwa ameketi gizani juu ya kigoda, mama yake kando yake amejifunika shuka. Walimsikia kabla ya kumwona, kwa mvumo wa mabawa yake. Alisimama hewani mbele ya ua moja, akatia ulimi, akasogea mpaka uso wake ukagusa ua, akatoka, akaenda la pili, na la tatu. Kwa muda mfupi tu akawa ameondoka.

Baada ya siku chache maua matatu ya kikonyo kilicho wazi yalilegea na kugeuka rangi. Ingawa alijua sababu yake, moyo ulimwuma, kwa maana alikuwa ameyalinda kwa wiki nyingi, nayo yakanyauka upesi kuliko mengine yote. Mke wake alidhani thripsi wamerudi. Lakini nyuma ya maua yale vikonyo vyake vidogo vilianza kuvimba. Katika miezi iliyofuata vikawa matunda matatu ya kijani, marefu na membamba.

Tunda moja la okidi huwa na mbegu nyingi mno, laini kama vumbi, zisizo na akiba ya chakula. Mbegu haioti isipokuwa imekutana na ukungu wa namna maalumu utakaoilisha, na mche hukaa miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza. Nyingi hupotea. Kwa sababu hiyo mtu avunjaye okidi msituni ili auze huondoa kazi ya miaka mingi kwa dakika moja. Na kwa sababu hiyohiyo biashara ya okidi kati ya nchi na nchi imewekewa masharti na mkataba wa kimataifa uliotiwa sahihi mwaka 1973.

Matunda yalipokauka na kupasuka, karani alimwita mzee wa nyuki aje aone. Upepo mdogo ulipita, na vumbi la rangi hafifu likatoka katika tunda, likaelekea upande wa miti iliyo mpakani.

"Kumbe ndicho ulichokuwa ukilinda," alisema mzee.

"Mwanzoni sikujua, mzee," alijibu karani.

Mama yake, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni, hakuinua macho. "Wazee walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo," alisema. "Na huyo mkunga wenu alinilia matuta mawili. Nami nimemsamehe."